Mfupa wa Dume la Mzee Laizer

Ninyi mliobaki kwenye chumba kile cha nyuma, kati ya dobi na mochwari, mmenisumbua niandike, basi someni. Siku ya kuniaga mlinipa shuka na saa ya ukutani, na mgeni rasmi akasoma hotuba ndefu akiniita "mhudumu wetu wa maabara". Sikumkatiza kwa sababu pilau lilikuwa linapoa. Sasa nimekaa barazani kwangu Akheri, hakuna pilau, na ninaweza kusema nilikuwa nani. Vyeo sitaviandika, havikuwa vingi. Mshahara nilimficha hata mke wangu, sembuse ninyi.

Nilikuwa mtu wa kwanza katika mji huu kujaza pengo la mfupa kwa kiunzi nilichokichoma kwa mikono yangu na seli za mgonjwa mwenyewe. Kama yupo aliyenitangulia, ajitokeze. Nimemngoja miaka mingi.

Baba yangu alikuwa na kihamba kidogo cha migomba na kahawa, na watoto wengi kuliko miche. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mchungaji aliyeniandikia barua. Nilisoma, nikaomba nafasi ya nje, nikaipata kwa alama zangu, nikapelekwa Chekoslovakia kusomea kazi ambayo hata aliyenipangia hakuweza kunieleza ni kazi gani. Nchi ile siku hizi imekuwa mbili. Diploma yangu bado ni moja, na iko ukutani.

Siku ya kwanza kule nilikabidhiwa kwa Bi Vera, mwanamke mfupi, mikono myekundu kwa maji ya moto, mkuu wa chumba cha mifupa. Hakuniuliza jina. Alinipa mfupa wa paja la ng'ombe na brashi, akasema, "Safisha." Nikasugua mpaka mabega yakafa ganzi. Akaja, akainama, akanusa. "Bado ni ng'ombe," akasema, akaondoka. Kesho yake hivyo hivyo. Siku aliponusa akanyamaza, nilijua nimefaulu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nawaambieni hili kwa sababu nimewaona mkisafisha vyombo huku mnaongea na simu. Hakuna mashine inayozidi pua ya mtu makini.

Aliyonifundisha Bi Vera ni haya. Mfupa una nyama ndani yake, hata ukiuona mkavu, na una madini. Ukiuchemsha, ukauosha kwa dawa, kisha ukauchoma taratibu kwenye tanuri kali, nyama yote inaondoka na kinachobaki ni madini matupu, meupe kama chaki, yenye vitundu vingi kama andazi lililoumuka vizuri. Mwili wa mgonjwa haugombani nacho, maana hakuna cha kugombana nacho. Hicho ndicho kiunzi, na kazi yake ni kama ya mirunda ile ya mafundi wanaojenga ghorofa. Mafundi wenyewe wako kwenye uboho wa mgonjwa: zile seli shina, ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini na zinaweza kufundishwa kuwa mfupa. Unauvuta uboho kwa sindano nene kutoka kwenye nyonga, unauloweka kwenye kiunzi, unaweka penye pengo. Mirunda bila mafundi ni kuni tu. Mafundi bila mirunda wanakaa chini wanapiga soga.

Nilirudi enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaleta chake. Wenzangu walishuka uwanja wa ndege na friji, redio kubwa na makoti ya ngozi. Mimi nilishuka na sindano za uboho, msumeno mwembamba wa mfupa na brashi ya Bi Vera, aliyonipa mwenyewe siku ya kuagana. Mama yangu alilia alipofungua begi.

Hospitali iliyoniajiri sitaitaja, mnaijua. Katibu wake aliigeuza diploma yangu huku na huku.

"Stashahada tu?" akauliza. "Wenzako waliotoka huko wameleta digrii."

"Wenzangu wanaandika kuhusu mifupa," nikamwambia. "Mimi natengeneza."

Akanipa chumba cha nyuma ili asinione. Nilikishukuru. Tanuri nililipata kwenye kiwanda cha umma cha vyombo vya udongo ambacho kilikuwa kinauzwa kipande kipande, kila mtu akiondoka na chake, mlango, nyaya, mpaka vyoo. Dokta Ndosi, daktari bingwa wetu wa mifupa, ndiye aliyekwenda kuniombea lile tanuri dogo la majaribio. Huyo ndiye mwalimu wangu wa pili. Alikuwa na vidole vyepesi, na hasira za karibu. Mtu aliyepeleka mkasi wa uzi mahali pa mkasi wa nyama alitamani ardhi ipasuke immeze. Mimi alinisikiliza. Nilipomweleza habari za kiunzi na uboho alisema, "Nanyaro, wewe una kichwa kikubwa, lakini safari hii kina kitu ndani."

Nikaanza kuchemsha mifupa ya machinjioni nyuma ya dobi. Mbwa wa mtaa mzima walihamia hospitalini. Manesi wakanibatiza Mpishi.

"Mpishi, supu ya leo ina ndimu?"

"Ina shahawa ya sayansi," niliwajibu, na walitawanyika wakicheka. Leo mngenishtaki kwa kauli hiyo.

Wa kwanza kupona kwa kiunzi changu alikuwa binti wa hapa hapa Akheri, Ndekirwa, aliyekuwa na shimo kwenye mfupa wa mkono, mkono unavunjika kila akibeba ndoo. Tulijaza shimo. Picha za eksirei zilizofuata zilionyesha vile vitundu vyangu vikifunikwa kidogo kidogo na mfupa wake, mpaka ikawa shida kuona wapi ng'ombe ameishia na wapi binti ameanzia. Dokta Ndosi aliiweka picha ile dirishani akaitazama muda mrefu bila kugombeza mtu. Ndekirwa siku hizi anauza ndizi Kikatiti na kubeba mikungu kwa mkono ule ule. Wengine wakafuata, mapengo madogo madogo. Sikushindwa hata mara moja. Sijisifu, nawaambia kilichotokea.

Kisha akaja Lomayani.

Alikuwa Mwarusha wa Kisongo, kijana mrefu mwenye mke na mtoto mchanga. Alikuwa akivusha ng'ombe barabarani, lori likamkuta. Mfupa wa muundi ulivunjika, ukaingia usaha, ukafa. Dokta Ndosi aliuondoa uliokufa, pengo likabaki upana wa vidole vinne. Alijaribu kulijaza kwa mfupa wa nyonga ya Lomayani mwenyewe, usaha ukaula. Mguu ukabaki umeshikwa na vyuma vya nje, hauna kitu katikati. Ilichukua muda mrefu kulikausha lile jeraha. Lilipokauka, Dokta aliniita wodini.

"Sasa ndiyo nafasi yetu, na haitakaa," akasema. "Usaha ukirudi, mimi nakata. Una kiunzi cha kutosha?"

"Nitakuwa nacho," nikasema.

Baba yake Lomayani, Mzee Laizer, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda na fimbo yake kati ya magoti. Alikuwa amesikiliza yote. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno:

"Mtaweka mfupa wa ng'ombe?"

"Ndiyo, mzee. Uliochomwa, umekuwa kama jiwe jeupe."

"Ng'ombe wa nani?"

Nilicheka. Nikamwambia wa machinjioni, hana mwenyewe. Mzee akamtazama mwanawe, akanitazama mimi.

"Hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe," akasema. "Labda ameibiwa. Labda mwenye nyumba alimlilia. Mwanangu atasimamaje juu ya ng'ombe wa machozi ya mtu? Nitaleta wangu."

Dokta Ndosi alifungua mdomo kumkatalia. Mimi nikamwahi. Kwangu mimi ng'ombe anayejulikana alikozaliwa, alichokula na magonjwa aliyougua, ni bora mara nyingi kuliko mafuvu na mapaja yaliyochanganywa kwenye toroli la machinjio. Bi Vera angemkumbatia mzee yule. Andikeni hilo kwenye vichwa vyenu: mgonjwa akiuliza swali la kijinga, lirudieni polepole kabla hamjacheka. Mimi nilicheka kwanza, lakini nilirudia upesi.

Siku ya kuchinja nilikwenda Kisongo na gari la hospitali, koti jeupe limenyooshwa. Dume lilikuwa jeusi, lenye baka jeupe kifuani. Mzee Laizer alimshika pembe akanitajia mama wa dume lile, bibi yake, na mwaka wa ukame waliouvuka pamoja. Nilipoona kazi imekwisha nikasogea na msumeno wangu kuchukua paja. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwa watu wale kila kipande cha mnyama kina mwenyewe tangu kabla hajazaliwa. Paja nililolitaka lilikuwa la baba mdogo wa Lomayani, Mzee Meliyo, na tayari alikuwa ameshika jiwe aupasue mfupa apate uboho.

"Weka chini hilo jiwe, mzee!" nikapiga kelele.

Wote wakageuka. Mzee Meliyo hakuliweka.

"Ero, kijana, unanipigia kelele kwenye nyama yangu?"

"Nyama kula. Uboho kula. Mfupa usiupige, utapata nyufa."

"Nitautoaje uboho bila kupasua? Nipulize kama filimbi?"

Walicheka mpaka wanawake kule upande wao wakauliza kuna nini. "Huyu ni Mmeru," mmoja akaeleza. "Wanajua ndizi. Ng'ombe wanamwona kwenye supu."

"Mimi ndizi nazijua, na ng'ombe huyu nitamjua kuliko ninyi," nikasema. Nikachuchumaa, nikamwonyesha Mzee Meliyo kwa kidole. "Sitaki bomba la katikati. Lile lenye uboho ni lako. Mimi nataka vichwa, hapa penye goti na hapa penye nyonga, penye vitundu vitundu."

Akalishusha jiwe.

"Unataka kile tunachowatupia mbwa?"

"Hicho hicho."

"Na kelele yote hii?" Akawageukia wenzake. "Mpeni Mmeru chakula cha mbwa, aende zake tule."

Nilikata vichwa vya mapaja yote mawili kwa msumeno, wakinitazama kama fundi wa viatu. Mzee Laizer alivifunga mwenyewe kwenye majani mabichi. Wakati naingia kwenye gari alisema, "Usimchanganye na mwingine." Nikamwambia sitamchanganya. Sikumchanganya.

Sijawahi kufanya kazi safi kama ile. Nilichemsha, nikasugua, nikanusa. Bado ni ng'ombe. Nikarudia. Nilikata vipande vya ukubwa wa sukari ya donge vikiwa bado vibichi, maana vikishachomwa vinamomonyoka kwenye msumeno wa mtu asiyejua. Nililipandisha joto tanuri taratibu na kulishusha taratibu zaidi, kwa kuwa anayefungua tanuri kwa pupa anakuta unga. Nilipofungua, vipande vilikuwa vyeupe, vyepesi, vinalia kama kigae ukivigonga. Vikapita kwenye otoklevu, mvuke ukaua kila kidudu, nikavifunga kwenye chupa pana ya kioo, nikaandika juu yake: LOMAYANI LAIZER. Nilimpelekea akaviona kitandani.

"Huyo ndiye yule mweusi?" akauliza.

"Ndiye."

"Amekuwa mzungu," akasema, akacheka, kisha akauliza taratibu kama upasuaji wa kesho kutwa utauma. Nikamwambia sindano ya nyonga itauma kuliko yote, mengine atalala. Akasema basi hiyo moja ataivumilia, mkewe alivumilia kubwa zaidi.

Asubuhi iliyofuata mimi, Dokta Ndosi na wakuu wa idara tuliitwa kwenye kikao.

Hospitali ilikuwa imepata meneja mpya, Bwana Temu, msomi wa biashara aliyetumwa kutuweka sawa na soko. Mezani alikuwa na kitabu cha picha chenye karatasi za kung'aa alichoachiwa na wakala wa vifaa kutoka Nairobi. Alikuwa mtu wa adabu. Hilo ndilo lililonichoma, hakupandisha sauti hata mara moja.

"Wazee wangu," akasema, "zamani tulikuwa peke yetu. Sasa kila mtaa una hospitali binafsi. Watalii wanateleza mlimani, wanavunjika miguu, bima zao zinaniuliza vifaa vyenu vinatoka wapi. Niwajibu vinatoka Kisongo?"

"Wajibu hivyo," nikasema.

"Vina cheti?"

"Mimi nina diploma."

"Cheti cha bidhaa, Bwana Nanyaro. Si chako wewe. Mgonjwa akipata maambukizi, nani atasimama mahakamani? Diploma?"

"Atasimama mtu aliyevichoma. Wewe ukiniletea boksi la wakala wako, nani atasimama?"

Akafungua kitabu chake ukurasa wenye picha ya vipande vyeupe kwenye pakiti. Nikavitambua. Nikamwambia pale pale, mbele ya wote, kwamba vile ni mifupa ya ng'ombe wa Ulaya, iliyochemshwa na kuchomwa kama yangu, na kwamba waliovichoma huenda nilikaa nao dawati moja wakinakili majibu yangu. Nikamwambia kwamba mtu asiyejua kutofautisha mfupa na chaki hana haki ya kunifundisha usafi. Baadhi yenu mmesikia nilimtukana. Sikumtukana, nilimweleza.

Nikamgeukia Dokta Ndosi. Ilikuwa zamu yake. Mtu aliyekuwa akiwatetemesha manesi kwa ajili ya mkasi aliangalia kucha zake, moja baada ya nyingine, kama anayetafuta iliyopotea. Mkataba wake ulikuwa unafika mwisho mwaka ule. Akasema, "Kama boksi litafika upesi, hakuna tofauti."

Hakuna tofauti. Maneno hayo nimekula nayo na kulala nayo.

Tanuri likafungwa kwa kufuli. Ikaandikwa kwamba hakuna kitu kilichotengenezwa hospitalini kitakachoingia kwenye chumba cha upasuaji. Bwana Temu aliagiza boksi kwa simu siku hiyo hiyo, hilo nalo niliseme. Mara wakala alikuwa safarini, mara boksi limefika Namanga, mara karatasi zake si zenyewe, lirudi likarekebishwe. Kila asubuhi nilipita wodini. Lomayani alikuwa ananiuliza kama ng'ombe wake bado yupo. Namwambia yupo, kwenye kabati langu, hatua chache kutoka kitanda chako. Mkewe alikuwa akinisikiliza, mtoto mgongoni, kama mtu anayesikiliza wendawazimu. Uso wake ulikuwa ukiuliza: kama kipo na ni chake, mnangoja nini? Niliwahi kumkuta Dokta Ndosi kwenye veranda nikamuuliza swali hilo hilo. Akaniambia, "Nanyaro, usinifanye nichukie kazi yangu."

Kisha nesi alifungua bandeji, akaitazama, akamwita mwenzake. Usaha ulikuwa umerudi. Homa ikapanda. Usaha ukapita goti. Mtu aliyesema atakata, akakata. Juu ya goti.

Boksi lilifika baada ya hapo. Zuri, lina karatasi ya fedha na maandishi ya lugha tano. Bwana Temu aliliweka kwenye kabati la kioo pale mapokezi, na wageni walioneshwa.

Mzee Laizer alikuja kumchukua mwanawe akasimama mbele ya lile kabati. Nilikuwa karibu naye. Akaelekeza fimbo.

"Ndani ya hilo kuna nini?"

"Mfupa wa ng'ombe, mzee."

Akaisogeza fimbo mpaka ikagusa kioo.

"Ng'ombe wa nani?"

"Wa Ulaya. Simjui."

"Huyu hamumjui, mmemweka kwenye kioo. Wangu mnamjua, mmemfungia kabatini."

Hakuwa na hasira. Nilikwenda nikaleta ile chupa, nikamtolea kwa mikono miwili. Hakuipokea. Alisema ng'ombe yule si wake tena, alishampa Lomayani, na Lomayani ndiye atakayesema afanyweje. Kisha wakampandisha mwanawe kwenye pikapu, mkewe akamshika kiuno asianguke, wakaondoka. Tanuri liliuzwa kama chuma chakavu. Dokta Ndosi alipata mkataba, kisha akapata hospitali nyingine. Mimi nilibaki nikifungua pakiti za watu kwa miaka yote iliyobaki, nikiwafundisha ninyi kuvuta uboho na kuulowekesha kwenye vipande ambavyo ningeweza kuvichoma nikiwa nimefumba macho. Mnafanya vizuri. Msiringe sana, mlifundishwa na mimi.

Siku ya mwisho sikuchukua kitu pale ila brashi ya Bi Vera na ile chupa.

Mwezi uliopita alikuja mtu na gongo, kichwa kimeanza mvi, akapanda njia ya kwangu taratibu akisimama kila penye mwinuko. Sikumjua mpaka aliponiita.

"Ero, Mpishi! Ng'ombe wangu bado yupo?"

Mke wangu akaleta chai. Nikaleta chupa. Lomayani aliifungua, akatoa kipande kimoja akakiweka kiganjani, akakipima, akakigonga kwenye kikombe kusikia kinavyolia. Aliniambia mtoto yule wa mgongoni sasa ndiye anayechunga. Aliniambia Mzee Laizer hayupo tena, wala Mzee Meliyo. Tulicheka habari za jiwe na filimbi. Kisha akakishika kile kipande mbele ya macho yake, akichungulia kwenye vitundu.

"Niambie ukweli," akasema. "Kingekaa?"

Mnanijua. Sijawahi kudanganya kuhusu kazi yangu.

"Kingekaa," nikasema. "Ungekuwa unatembea."

Alikirudisha kwenye chupa, akafunga kifuniko, akakikaza. Akamaliza chai yake.

"Baada ya miaka yote hii nimekuja ili uniambie kisingekaa," akasema.

Akachukua gongo lake akashuka. Chupa ameiacha hapa mezani.